Zamu ya Maji: Bunilizi za Kisayansi na Chakula cha Kesho, Zikitazamwa Kutoka Milima ya Upare

Barabara inayotoka Same kupitia Kisiwani kwenda Mkomazi inapita mguuni mwa Milima ya Upare. Upande mmoja ni tambarare kavu ya miiba na vumbi, inayoishia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi. Upande wa pili milima imejivika mawingu. Huko juu ndiko iliko Mamba, nchi ya migomba, maharage na tangawizi. Kati ya ukame wa chini na ubichi wa juu ni mwendo wa kupanda tu. Aliyekulia hapo hahitaji kufundishwa kwamba chakula ni maji, na kwamba maji ni jambo la kupangiana.

Katika milima hii kuna kitu kiitwacho ndiva. Ni bwawa dogo la udongo na mawe lililounganishwa na mfereji. Usiku, watu wakiwa wamelala, maji ya kijito hujikusanya humo. Asubuhi tundu huzibuliwa na maji hushuka mashambani. Sababu yake ni rahisi kueleza, ila haikuwa rahisi kuigundua: kijito chembamba kikiachwa kitiririke chenyewe, mfereji huyanywa maji yake kabla hayajafika shamba la mbali. Yakikusanywa na kuachiwa kwa mkupuo, hupata nguvu ya kufika. Aliyejenga ndiva ya kwanza, kabla ya ukoloni, ilibidi aone kitu ambacho hakikuwapo: maji ya usiku yakifanya kazi ya mchana.

Lakini ndiva ina nusu ya pili, isiyojengwa kwa mawe. Ni zamu. Nani anafungulia leo, nani kesho, nani anangoja hadi Ijumaa, na nani amekosa haki kwa sababu hakufika kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kutoa tope. Bwawa lisilo na zamu ni chanzo cha ugomvi kati ya wa juu na wa chini.

Nimeianza safari hii hapa kwa sababu ndiva inatupa kipimo. Tunapouliza jinsi bunilizi za kisayansi zinavyoiwazia na kuichochea teknolojia ya kesho, hasa ya chakula, kwa kawaida tunaangalia nusu ya kwanza tu: mashine gani ilitabiriwa, na je, ilitokea? Nadhani nusu ya pili ina uzito zaidi. Hadithi hizi zimekuwa hodari wa kuchimba mabwawa, na goigoi katika kupanga zamu.

Ungo na chombo cha angani

Tusiseme kwamba kuwazia yasiyokuwapo ni jambo geni kwetu. Katika Alfu Lela Ulela kuna farasi wa mti anayeruka. Vijijini kwetu wamo wanaosemwa kuwa husafiri kwa ungo, usiku mmoja wakaenda na kurudi, bila mafuta wala rubani. Utani wa siku nyingi unauliza kwa nini ungo huo haujawahi kuanzisha shirika la ndege.

Utani huo una jibu zito. Safari ya ungo ni siri. Thamani yake iko katika kutoelezwa. Bunilizi ya kisayansi inafanya kinyume: inajilazimisha kueleza. Hata ikidanganya, inadanganya kwa hesabu, na hesabu ni kitu ambacho msomaji anaweza kukikagua, kukikosoa, kisha kukirekebisha. Ndiyo maana hadithi ya namna hii inaweza kumtoa kijana kitandani akaingia karakana.

Kutoka kitabuni hadi mbinguni

Mwaka 1865 Mfaransa Jules Verne aliandika riwaya ya watu watatu wanaorushwa kwenda mwezini kwa mzinga mkubwa uliojengwa Florida, Marekani. Mwaka 1969 watu watatu waliondoka Florida kweli, na wawili kati yao wakakanyaga mwezi. Mfanano huo umesimuliwa mno, lakini wanaousimulia huruka jambo moja: mzinga wa Verne ungewaua abiria wake papo hapo, kwa sababu mwili wa binadamu hauwezi kustahimili mshtuko wa kufyatuliwa kama risasi. Verne hakuacha ramani ya roketi. Aliacha hamu. Konstantin Tsiolkovsky wa Urusi na Hermann Oberth, waliosoma vitabu vyake wangali vijana, ndio waliokaa chini wakapiga hesabu za roketi.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na jembe. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke, aliyekuja kuwa miongoni mwa waandishi wakubwa wa bunilizi za kisayansi, alichapisha makala akipendekeza setilaiti za mawasiliano ziwekwe juu ya ikweta, umbali ambao zitazunguka sawasawa na dunia, hivyo zionekane kama zimesimama mahali pamoja. Setilaiti ya kwanza ya namna hiyo iliyofaulu ilikaa mahali pake mwaka 1964. Leo picha za mawingu zinazotumika kutabiri vuli na masika zinatoka kwenye vyombo vilivyosimama hivyo hivyo. Mkulima wa Mamba anayesikia redioni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kisha akaamua apande sasa au angoje, anatumia wazo lililopigiwa debe na mtu aliyekuja kuwa mtunzi wa hadithi.

Na tusidhani kwamba sisi tulikuwa watazamaji tu katika sura hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka anga za mbali. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, chombo kilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Miaka zaidi ya 50 baadaye, Aprili 2023, Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti yake ya kuitazama ardhi, ambayo miongoni mwa kazi ilizopangiwa ni kukusanya takwimu za kilimo na usalama wa chakula. Uhuru ilirushwa na wageni kutoka pwani yetu ikabeba neno letu. Taifa-1 ilirushwa kutoka California ikabeba swali letu: mvua iko wapi na mazao yana hali gani? Tofauti hiyo si ndogo.

Hamu nayo inaweza kuwa sumu

Yapo yasiyosimuliwa kwa shangwe. Mwaka 1914 H. G. Wells alichapisha riwaya ya The World Set Free, akiwazia mabomu yanayopata nguvu zake kutoka ndani ya atomu. Mwaka 1932 mwanafizikia Leo Szilard, mzaliwa wa Hungaria, aliisoma. Mwaka uliofuata, akiwa London, alilipata wazo la mnyororo wa kuvunjika kwa viini vya atomu, na mwenyewe alikiri deni lake kwa Wells. Mwaka 1945 wazo hilo liliteketeza Hiroshima. Szilard, aliyekuwa ameiona hatari kitabuni, alikuwa amekusanya saini za wanasayansi kuomba bomu lisitumike hivyo. Hakusikilizwa.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuikumbuka habari hii. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kutengeneza bomu lile ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kusini mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mgodini. Ndoto iliotwa London, hesabu zikapigwa Marekani, mawe yakabebwa na Wakongo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika bomu lile tulikuwapo kwa mgongo, hatukuwapo kwa kauli. Leo kobalti ya betri za simu na magari ya umeme inatoka ukanda huo huo, na hadithi nyingi za kisasa kuhusu nishati safi hazimtaji anayeichimba.

Hata neno roboti lina fundisho hapa. Liliingia duniani kupitia tamthilia ya Karel Čapek wa Chekoslovakia, iliyoandikwa mwaka 1920, na limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti, ile ambayo mtwana alimfanyia mwenye shamba bila ujira. Čapek hakuwa akisifu mashine. Alikuwa akiuliza nini kinatokea tukitengeneza watumwa wapya. Kwa Mpare swali hilo lina sura nyingine, kwa sababu lugha yake ina neno la kazi ya pamoja isiyo ya bwana na mtwana: msaragambo. Mashine ya kesho itakuja kama mtwana au kama mwenzetu wa msaragambo? Hadithi inaweza kuuliza hilo kabla kiwanda hakijajengwa.

Chakula: kidonge, nyama na karanga

Ndoto kongwe ya chakula cha kesho ni kidonge. Kwa miongo mingi magazeti, katuni na filamu zilituahidi kwamba mwanadamu wa karne ya 21 angemeza tembe moja na kushiba kutwa. Hesabu inakataa. Gramu moja ya mafuta, chakula chenye nguvu nyingi kuliko vyote, ina takriban kalori 9. Mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku angelazimika kumeza zaidi ya gramu 220 za mafuta matupu, karibu robo kilo. Hicho si kidonge, ni tonge. Na ndoto hiyo ilisahau kwamba mlo si nguvu tu. Makande yanayochemka tangu asubuhi ni mkutano wa nyumba nzima.

Ndoto ya pili imekuwa na bahati zaidi. Mwaka 1931 Winston Churchill, katika makala ya kubashiri miaka 50 ijayo, alidai kwamba watu wataacha kufuga kuku mzima ili wale kidari tu. Watakuza sehemu wanayoitaka peke yake. Alikosea tarehe, hakukosea mwelekeo. Mwaka 2013, mjini London, mtafiti Mark Post alionyesha baga ya nyama iliyokuzwa maabara kutokana na seli za ng'ombe. Mwaka 2020 Singapore ikawa nchi ya kwanza kuruhusu nyama ya aina hiyo iuzwe. Kwa mji usio na malisho hilo ni suluhisho la kweli. Kwa mfugaji wa tambarare za Same, ambaye ng'ombe kwake ni maziwa, mbolea, mahari na benki, ni jibu la swali ambalo hakuuliza.

Lakini bunilizi kubwa zaidi ya chakula iliyowahi kuandikwa katika ardhi ya Tanzania haikuandikwa kwenye kitabu. Iliandikwa kwa matrekta. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kuyageuza mamilioni ya ekari za Tanganyika kuwa mashamba ya karanga, kitovu chake kikiwa Kongwa. Mitambo ililetwa, hata vifaru vya kivita vikabadilishwa kuwa matrekta. Kila kitu katika mpango huo kilikuwa na harufu ya riwaya ya kisayansi: imani kwamba mashine inaweza kuruka hatua zote ambazo mkulima hupitia. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ulikauka ukawa kama saruji, ukavunja majembe. Mvua ikaja ilivyotaka yenyewe. Wagogo, walioishi na ukame ule vizazi kwa vizazi, hawakuwa katika meza ya mipango. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zikiwa zimezama. Kilichokosekana pale kilikuwa mhusika. Hadithi ilitungwa ikiwa na mashine na ardhi, bila watu.

Ukilinganisha na hilo, mambo ya karibuni yana mafunzo mseto. Mwaka 2016, Makutupora mkoani Dodoma, kulianza jaribio la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili kustahimili ukame. Novemba 2018 serikali iliamuru majaribio hayo yasitishwe na mabaki yateketezwe. Kenya, kwa upande wake, mwaka 2022 iliondoa katazo lake la miaka kumi juu ya mazao ya aina hiyo, na mjadala ukahamia mahakamani. Katika malumbano yote mawili zilikuwa zikipigana hadithi mbili: moja inasema njaa itakwisha, nyingine inasema zimwi linakuja. Swali la tatu ndilo lenye uzito kwa mwenye nusu ekari: mbegu itakuwa ya nani, na mwakani nitaruhusiwa kupanda niliyoihifadhi ghalani? Hilo ni swali la zamu.

Upo pia mfano wa unyenyekevu. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, inatazama jani la muhogo kupitia kamera na kusema kama lina batobato au michirizi ya kahawia. Ilifundishwa kwa picha za mihogo, nyingi zikiwa za mashamba ya pwani ya Tanzania, na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Mashine inayotambua kwa kutazama ni mhusika wa kawaida katika filamu za anga za mbali. Hapa imepewa jina la Kiswahili na imetumwa kwenda kukagua mihogo.

Hata hivyo tusikimbilie kushangilia. Simu iliufuta umbali kati ya mkulima wa milimani na mnunuzi wa Dar es Salaam. Haikuifuta lumbesa. Gunia bado linaweza kufungwa na kilemba juu yake, dalali bado anaweza kuliita moja, na mkulima anayeijua bei ya Kariakoo kwa dakika bado akauza kwa masharti ya mwenye lori. Teknolojia iliongeza habari. Uwezo wa kukataa haukuongezeka kwa kiwango hicho. Ndiyo maana wakulima wa tangawizi wa Mamba waliposhikana katika ushirika na kutaka kiwanda cha kusindika zao lao hapo hapo, walikuwa wakidai kitu kikubwa kuliko mitambo. Walikuwa wakidai kuwamo katika sura inayofuata ya tunguu lao baada ya kung'olewa.

Nani anasimulia

Kwa Watanzania wengi bunilizi za kisayansi hazikuja kwa kitabu. Zilikuja kwenye kibanda umiza: benchi la mbao, televisheni moja, jenereta nje, na sauti ya mfasiri kama Lufufu ikisimulia filamu ya Marekani kwa Kiswahili cha mtaani. Wasimulizi wale waliitia filamu utani, mafumbo na majina ya kwetu, hata mtazamaji akahisi kwamba hata roboti anaweza kuwa na shemeji. Walithibitisha kwamba mambo ya kesho yanasimulika kwa lugha hii bila kukwama.

Vitabuni pia hatuko mikono mitupu. Mwaka 1995 Mkenya Katama Mkangi alichapisha Walenisi, riwaya ambayo mhusika wake, Dzombo, anarushwa kwa chombo cha angani hadi kwenye sayari yenye jina la kitabu. Likitenganishwa jina hilo, unasoma: wale ni sisi. Mkangi hakushughulika sana na injini ya chombo. Alitaka kujua jamii isiyo na mnyonyaji ingekaaje. Euphrase Kezilahabi naye, katika Mzingile ya mwaka 1991, alitupeleka kwenye dunia baada ya maangamizi. Siku za karibuni ilianzishwa tuzo inayobeba jina la mwandishi Nanjala Nyabola, kwa vijana wanaoandika bunilizi za namna hii kwa Kiswahili.

Kazi ya Afrika Mashariki iliyofika karibu zaidi na swali letu ni filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu, Pumzi, ya mwaka 2009. Inatokea miaka 35 baada ya vita vya maji. Watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, jasho na mkojo wao vikisafishwa na kunywewa tena. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka, anatia mbegu, mbegu inachipua. Wakubwa wanasema nje hakuna uhai. Anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche na kuupa maji yake ya mwisho.

Mashine zote za Pumzi zinafanya kazi vizuri. Maji yanarudishwa, umeme unazalishwa, kila mtu ana kipimo chake. Kinachokatazwa ni ndoto: anayeota anaamriwa ameze dawa ya kuzuia kuota. Kahiu aliona jambo ambalo watabiri wengi wa chakula hawakuliona. Uhaba ukikabidhiwa mamlaka isiyoulizwa, zamu inageuka kuwa kifungo, na mbegu moja inakuwa uasi.

Ndiva ya mwaka 2075

Basi tujaribu. Mwandishi kijana wa Mamba achukue ndiva na kuipeleka mwaka 2075. Bwawa ni lile lile, mawe ni yale yale. Mlangoni kuna chuma kinachojifungua chenyewe kwa umeme wa jua. Vihisi vimezikwa kila shamba, vikipima unyevu wa udongo. Setilaiti inaleta habari za mvua. Programu inaamua nani apate maji, saa ngapi, lita ngapi. Hakuna anayeamka alfajiri. Hakuna anayeiba maji usiku. Kila kitu hapa kinaweza kutengenezwa hata leo, kwa hiyo hadithi bado haijaanza.

Inaanza pale programu inapopiga hesabu. Imeagizwa kuongeza thamani ya mavuno ya kijiji. Tangawizi ina bei kuliko maharage, hivyo msimu baada ya msimu maji yanaelemea kwenye tangawizi. Shamba la bibi mmoja la maharage, lililo mwisho wa mfereji, linapata zamu yake ikiwa imepungua dakika tano, kisha kumi. Hakuna aliyemdhulumu. Hakuna wa kumlalamikia. Takwimu zinaonyesha kwamba kijiji kwa ujumla kimetajirika. Mkutano unaitishwa, na mtaalamu kutoka mjini anaonyesha michoro mizuri ukutani.

Mzee mmoja anasimama, anaitazama ile michoro hadi mwisho, anakohoa kidogo. Hapingi hesabu. Anauliza tu: huyu anayetugawia maji, mara ya mwisho alikuja lini msaragamboni?

Hakuna kitabu cha Verne wala cha Wells kinachojibu swali hilo. Litajibiwa na aliyewahi kusimama ndani ya ndiva, tope likiwa magotini, akijua kwamba kesho si zamu yake.